Waulizaji wa Azzam

Hadithi hii kanipa Mahfoudha, mwishoni mwa Shaaban, siku tulipokaa jikoni kwangu kukunja sambusa za kutia friza kabla mwezi haujaandama. Mikono ya Mahfoudha hufanya kazi mdomo ukifanya kazi. Ukimnyamazisha, na sambusa zinasimama. Basi nikamwacha aseme. Nami nnaitoa kama nilivyoipokea, ila pale alipojisifu nimepunguza kidogo.

Yeye anakaa Hamriya, hapa Maskati, ghorofa ya pili, mlango wake unatazamana na mlango wa Balqis. Balqis ni mjane na mtoto wake ni mmoja tu, Azzam. Kijana huyu alikwenda Uingereza kusoma mambo ya kompyuta, akarudi na shahada, ikatiwa fremu, ikatundikwa ukutani, na baada ya hapo hapakuwa na jambo jingine. Kazi aliyoipata ilikuwa mtaa wa viwanda wa Ghala, kwenye bohari ya vipuri vya magari, kuhesabu breki na mikanda ya injini. Miaka inakwenda, yeye anahesabu. Balqis akipita mbele ya ile fremu alikuwa akiifuta vumbi bila ya kuitazama.

Mara ikatokea kazi yenyewe. Kulinda kompyuta za serikali, wasije wakaingia wezi wa mbali wakachota siri za watu. Lakini kazi kama hiyo hupewi kwa shahada peke yake. Lazima upate kibali cha usalama, na kabla ya kupata kibali unachimbwa kama kisima: umeishi wapi, rafiki zako nani, umewahi kutumia ulevi wa namna yoyote. Na hapo pa ulevi ndipo Azzam alipokuwa na mwiba wake.

Maana aliwahi. Mwaka wake wa pili kule Uingereza alipanga nyumba na vijana waliokuwa wakivuta bangi kama sisi tunavyokunywa chai. Baridi kali, jua hakuna, mama hayuko. Akavuta nao msimu ule wote wa baridi. Akaanguka mitihani, akampigia simu mama yake akamlilia, akahama ile nyumba, akaacha. Tangu siku hiyo hata mtu akiwasha sigara yeye huhama kiti.

Basi alipokaa mbele ya mchunguzi, akaulizwa, akasema yote. Mchunguzi mwenyewe ni kijana mpole, jina lake Marhoon. Hakuruka wala hakukunja uso. Akamwambia, "La zamani tunalipima. Tunatazama lina umri gani, uliliacha vipi, umelisema mwenyewe au tumelifukua sisi. Uongo ndio hatuna mizani yake. Mtu akitudanganya leo kwa kuona haya, kesho atakuja adui amtishe kwa hiyo haya yake, naye atauza funguo. Sasa nitakwenda kuwauliza watu wanaokujua."

Azzam akarudi nyumbani mwepesi kama aliyetua gunia. "Mama, watu wa kazini watakuja kuuliza habari zangu. Waambie kweli."

"Inshallah, mwanangu," akasema Balqis, huku anageuza samaki kwenye kikaango. Na akilini mwake watu wa serikali huja kwa gari lenye taa juu, na mabuti miguuni.

Balaa ni kuwa siku hizo hizo Balqis alikuwa akingojea waulizaji wengine.

Alikuwa kapeleka posa mji wa Sib, kwa watu wa kwetu wenye asili ya Unguja, kumtaka binti yao Manal, mfamasia. Na mambo yetu mnayajua. Posa ikifika haijibiwi. Kwanza wanatumwa watu kwenda kumuulizia kijana. Na muulizaji haji akasema, mimi muulizaji. Anakuja kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga, au kapotea njia, au anauza udi. Anakaa, anapewa kahawa, na katikati ya kahawa anasema, "Hivi, yule kijana wa hapa ni mtu wa namna gani?" Wewe unajua, na yeye anajua kuwa unajua, na hakuna anayetamka. Kumuuliza kwao ni wapi au katumwa na nani ni kama kumvua nguo hadharani.

Kwa hivyo Balqis aliwapanga majirani mapema. Aliwakusanya kwa Mahfoudha: mwenyewe Mahfoudha, na Mzee Zahor mwenye duka la kofia pale chini, na Theodora, mwanamke wa Bukoba anayefanya kazi za nyumbani kwa Mahfoudha.

"Akija mtu kumuulizia Azzam, Uingereza msiitaje kabisa," akasema Balqis. "Watu wa Sib wakisikia Uingereza wanaona pombe na wanawake."

"Tuseme kasoma wapi?" akauliza Zahor.

"Semeni kasoma."

"Na ile shahada yako ukutani? Ina nembo kubwa kama sinia."

"Nitaigeuza."

Theodora akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Mama Azzam, mimi nikiulizwa nisemeje? Nisije nikakuharibia."

"Sema ni kijana mzuri."

"Mzuri wa sura au wa tabia? Maana nikisema wa sura wataniuliza nimemtazamia nini."

"Wa tabia, Theodora! Wa dini!"

"Sawa. Wa dini nawajua," akasema Theodora.

Haikupita muda, siku moja asubuhi, Azzam yuko Ghala na breki zake, mlango wa Balqis ukagongwa. Mahfoudha alikuwamo ndani, kaja kuazima sufuria. Wakafungua, wakamwona kijana wa watu, kanzu imepigwa pasi inasimama peke yake, kanukia udi, na Kiswahili chake cha Unguja kitupu, maana mama yake mzaliwa wa huko. Akasalimia kwa adabu. "Samahani, mama, nimekuja kuuliza habari za Azzam," na mkono wake ukaingia mfukoni kutoa kitambulisho.

Balqis akaukamata ule mkono akaurudisha mfukoni. "Acha, baba, acha. Kwetu aliyetumwa haulizwi katumwa na nani. Pita ukae. Mahfoudha, lete halua."

Marhoon, kwani ndiye yeye, akajaribu tena. Akatiwa kijiko cha halua mkononi. Akaona labda hawa wameshaambiwa na kijana wao, wanamjua ni nani. Akauliza maswali yake.

"Azzam? Huyo hata panadoli hamezi mpaka amwombe Mungu msamaha," akasema Balqis.

"Havuti kitu?"

"Anavuta pumzi. Na hiyo pia si sana."

"Safari za nje?"

Hapo Mahfoudha akaona mwenziwe anayumba, akamwokoa. "Hajatoka nchi hii huyu! Safari yake ya mbali ni Nizwa, na alitapika njia nzima."

Marhoon akamtazama Mahfoudha. Akatazama ukutani, akaona fremu imegeuzwa, kamba na misumari iko nje. Akashukuru, akateremka. Pale chini Zahor alikuwa kasimama mlangoni, anajua wageni wa Balqis wakipanda na wakishuka. Akaulizwa.

"Yakhe, kijana yule anafunga Jumatatu na Alhamisi, na siku nyingine anafunga kwa kusahau kula. Kompyuta? Haijui! Yeye na msahafu wake tu."

Haya, mtu anaomba kazi ya kompyuta. Kwenye ngazi za nje akamkuta Theodora na mfuko wa vitunguu.

"Azzam ni mtakatifu, kaka yangu. Kwetu Bukoba huyu angekuwa padri."

"Padri?"

"Askofu, akijitahidi."

Mahfoudha alinambia, siku ile usiku haukuingia mpaka walishapongezana wote. Balqis akawapelekea sahani ya mandazi ya iliki kila mmoja. Walidhani wameshamwoza Azzam.

Baada ya siku chache Azzam akaitwa ofisini. Marhoon hakumpa kahawa.

"Wewe uliniambia Uingereza. Jirani yako anasema mwisho wako Nizwa. Mwenye kofia anasema kompyuta huijui. Mama yako kaigeuzia ukuta shahada yako. Watu wote hawa wamepangwa, Azzam. Nani kawapanga?"

"Wallahi sijui."

"Ile bangi yako nilikuwa nimeshaimaliza," akasema Marhoon. "Ilikuwa ya zamani, umeisema, umeiacha, nimeweka kando. Sasa nna mtu anayeomba kulinda siri za nchi, na mtaa mzima unamsemea uongo. Nikiamini umewatuma wewe, nafunga mlango, na hutaomba tena."

Azzam akafika nyumbani uso umesawijika. Mama yake anachagua vitambaa vya mapazia, maana nyumba ya bwana harusi haikai na mapazia ya zamani.

"Mama. Yule mtu aliyekuja kuniuliza."

"Wa Sib? Kijana ana adabu yule! Kala halua nusu ya bakuli."

"Si wa Sib. Ni wa serikali."

Balqis akakaa juu ya vitambaa. "Mbona hakuja na gari la taa?"

"Alitaka kukuonyesha kitambulisho, ukamrudishia mfukoni!"

"Mimi nilimwonea haya, mwanangu. Muulizaji huulizwa?"

"Kazi inaondoka, mama. Mimi nilisema kweli yangu, kweli ngumu, nimeitapika mbele ya mtu nisiyemjua. Na nyinyi mmekwenda kuifuta." Akaingia chumbani. Hakubamiza mlango. Balqis alimwambia Mahfoudha kuwa angeubamiza ingekuwa nafuu.

Jioni ile ile Azzam akampigia simu Marhoon, akamweleza habari ya posa. Marhoon akasema, "Nitakuja mara moja tena, Alhamisi baada ya alasiri. Usiwepo. Na usimfundishe mtu neno. Jumapili naandika nilichoona, basi."

Azzam hakumfundisha mtu. Lakini Balqis hakukatazwa yeye, na akateremka kwa majirani kwa mara ya pili, akawaeleza kuwa yule mgeni wa kwanza alikuwa wa serikali.

"Akija mtu kumuuliza Azzam, semeni kweli."

Zahor akakuna ndevu. "Kweli ya kiasi gani?"

"Yote!"

"Mimi yote sina, Balqis. Mimi nna kofia."

"Alivuta bangi, Zahor. Uingereza. Baridi moja, akaacha."

"Laa ilaha illallah. Bangi!" Akashika kaunta. "Na mimi nilimwambia mtu wa serikali mtoto anafunga!"

"Kwa hiyo padri basi?" akauliza Theodora.

"Padri basi, mwanangu."

Sasa watu hawa walikuwa wameona haya. Wamekaribia kumkata mtoto wa watu riziki yake kwa kumpamba. Kila mmoja akaapa moyoni kuwa safari hii hatabakisha.

Alhamisi ikafika. Marhoon akaegesha gari nyuma ya jengo kwa sababu mbele palijaa, akapanda kwa lifti. Zahor hakumwona wala Theodora hakumwona. Akakaribishwa. Balqis kaigeuza shahada ikatazama watu, kaifuta, na Mahfoudha kakaa pembeni, maana mjane haketi na mwanamume wa kando peke yao. Kahawa imemiminwa. Marhoon ndiyo kwanza anasema, "Sasa, Bi Balqis," na kengele ikalia.

Mlangoni kasimama mwanamke mtu mzima, abaya la hariri, bangili mbili nene, mkoba wa bei. Hapumui vizuri, kapanda ngazi.

"Samahani," akasema. "Nnaitwa Mastura. Nasikia kuna nyumba ya kupanga katika jengo hili?"

Balqis akamtazama zile bangili. Mtu wa bangili zile haji kupanga Hamriya juu ya duka la kofia.  Huyu ndiye wa Sib. Huyu ndiye shangazi wa Manal.

Angefanya nini? Mgeni hafukuzwi mlangoni. Kumwambia Marhoon aje siku nyingine, siku nyingine hakuna. Kumhamishia Marhoon chumba kingine, haifai wawili peke yao, na Mahfoudha akifuatana nao, mgeni anabaki peke yake kama fanicha. Akamkaribisha. Mastura akakaa, akapewa kikombe, akatulia kama mtu aliyekuja msibani.

Marhoon akauliza, "Niendelee?"

"Endelea, baba," akasema Balqis, na sauti yake ilikuwa kama ya paka chini ya kabati.

"Azzam aliwahi kutumia kitu chochote cha ulevi?"

Balqis akamwangalia Mastura. Mastura kaangalia kahawa, lakini sikio lake limesimama.

"Alipokuwa kijana," akasema Balqis, "alivuta... hewa. Ya kule."

"Hewa gani?"

"Nzito."

Mahfoudha akamfinya paja. Marhoon akaweka kikombe chini. "Mama, nimeshakuja hapa mara moja nikaondoka na hewa. Nakuuliza kwa mara ya mwisho."

Mahfoudha anasema alimwona mwenziwe akifumba macho kama mtu anayeruka ndani ya bahari. Mkono mmoja ana mke wa mwanawe, mkono mmoja ana riziki yake, na hawezi kushika vyote viwili.

"Bangi!" akasema Balqis. "Alivuta bangi, Uingereza, baridi moja nzima. Akaanguka mitihani. Akanipigia simu akanililia mpaka simu ikaisha chaji. Akahama, akaacha, akafaulu, shahada yake ile pale. Hajarudia. Na uongo wote ule ulikuwa wangu. Mimi nilipanga watu, yeye alikuwa kazini hajui. Nilidhani wewe ni wa Sib."

 

Mastura akashusha kikombe. "Baridi moja?"

"Moja," akasema Balqis, machozi yako njiani.

"Bangi peke yake?"

"Peke yake."

"Hakuuza?"

"Auze nini? Alikuwa hana hata koti!"

Mastura akavuta pumzi ndefu, akaegemea mto. "Alhamdulillahi rabbil alamin. Hebu niongezeeni kahawa." Akaongezewa. "Maana pale chini yule mzee wa kofia kanikalisha kwenye kigoda, kanishika mkono, kanambia kijana huyu kavuta bangi mpaka Waingereza wenyewe wakamwomba apunguze. Kanambia aliuza godoro lake. Kanambia, 'Andika, mama, andika yote.' Mimi nikashangaa, niandike nini? Nikapanda ngazi, nikakutana na dada mmoja ana ndoo, sijamuuliza hata neno, kanambia anavuta, anauza, na kwamba alifukuzwa upadri."

"Upadri?" akasema Balqis.

"Nami nimejiuliza. Mtoto wa Kiislamu! Nilikuwa sipandi tena kuulizia, nilikuwa napanda kumtazama tu huyo mama aliyezaa jini kama hilo ana sura gani."

Marhoon kajificha nyuma ya kikombe, mabega yanamtikisika. Alipomaliza kucheka akamgeukia Mastura. "Kwa hivyo, mama, wewe ndiye wa Sib?"

"Mimi natafuta nyumba ya kupanga," akasema Mastura, akajinyoosha. Mila ni mila.

"Nyumba hamna," akasema Balqis. "Kijana ndiye huyo niliyemsema."

Marhoon akakitikisa kikombe chake kuonyesha imetosha. "Mama yangu mimi," akasema, "aliwaambia wakwe zangu kuwa sikoromi. Mke wangu mpaka leo anataka kumshtaki." Kisha akarudi kwenye kazi yake. Akauliza upya, polepole, mwaka gani, nyumba ipi, nani mwingine alijua, na Balqis akajibu kila kitu, na penye asilolijua akasema halijui. Marhoon akateremka akamhoji Zahor juu ya lile godoro lililouzwa, ikawa Zahor hajapata kuliona. Akamkuta Theodora.

"Dada, huo upadri."

"Kaka, mimi niliambiwa kwanza nipandishe, halafu niteremshe," akasema Theodora. "Nikaona nikimteremsha bila kumfukuza haitaeleweka."

Mahfoudha mwenyewe alikiri habari ya Nizwa. Alinambia ilimuuma kuliko yote, maana ule utapishi aliutunga papo hapo na alikuwa akijivunia.

Kibali hakikuja upesi. Azzam aliendelea na breki zake, na kila simu ikilia Balqis anamwagikiwa na kitu. Watu wa Sib nao kimya. Halafu Mastura akapiga: Manal kaambiwa yote, na hataki tena muulizaji, anataka kumuuliza mwenyewe. Wakakutanishwa kwa shangazi, mlango wazi. Azzam akasema tena yale yale. Huyo binti mfamasia, akamuuliza maswali ambayo hata Marhoon hakuyauliza: alikuwa akivuta kiasi gani, alilala vipi alipoacha, akipata dhiki sasa anafanya nini. Azzam alitoka pale kalowa jasho. Manal kasema atajibu baada ya Ramadhani, na kwamba yule aliyesema padri angependa kumjua.

Kibali kikaja Jumatano ya wiki ile aliyonisimulia Mahfoudha. Kimepita, kwa sharti kwamba watampima mkojo wakati wowote watakaotaka, kwa taarifa au bila taarifa. Azzam akasoma simu yake mara mbili, akampa mama yake, mama hakuona kitu kwa machozi, akampa Mahfoudha, Mahfoudha akakisoma kwa sauti mpaka Zahor akasikia chini.

Wakapika biriani ya mbuzi. Zahor akaja na kofia mpya ya kwendea kazini. Theodora akala nao, akaonywa akiulizwa kitu na mtu yeyote jengo lile aseme hajui, akasema hapo ndipo palipokuwa pazuri tangu mwanzo. Jua la Maskati saa ile linapiga madirishani, chakula kimekaa tumboni, mmoja mmoja akaanza kuanguka. Zahor kalala kakaa, kidevu kifuani. Azzam kajinyoosha kwenye zulia, miguu imefika mlangoni. Theodora akaenda kwake akafunga mlango.

Balqis akabaki na Mahfoudha wanaosha sinia. Akajikausha mikono, akasema anaegemea mto dakika moja tu, na akaanza kupanga: "Sasa kwa Sib, wakikubali, kwanza tununue yale mapazia ya kijani, halafu kwa mahari nitamwambia Mastura kweli tupu, kwamba sisi..." Mahfoudha akangoja aseme sisi nini. Akageuka na sinia mkononi. Mdomo uko wazi, ushungi umemfunika jicho moja, na Balqis amelala.